Kanzu ya Darizi, Kofia ya Viua na Joho la Zari: Kasoro Zinazojitokeza Unaporudufu Nguo za Mwambao za Karne ya 19

Darizi ikiharibika, lawama huangukia sindano. Mara nyingi sindano haina kosa. Kitambaa hakikurowekwa kabla ya kukatwa, au kaba, kile kipande cha ndani kinachoimarisha shingo, imekatwa mtande wake (nyuzi zinazokwenda na urefu wa jora) ukipishana na wa badani, yaani kipande kikuu cha mwili, au kofia imechorwa kwa kipimo kamili cha kichwa bila kukumbuka kwamba darizi hula kitambaa. Kwa hiyo humu kila dalili tunairudisha nyuma: kwanza uzi, halafu mkato, halafu kitambaa chenyewe, na tiba inawekwa pale kasoro ilipoanzia.

Nguo tunazozisema ni zile zilizovaliwa Unguja, Mombasa, Lamu na miji jirani tangu zama za Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, hadi miaka ya 1890: kanzu yenye darizi shingoni, kofia ya viua (vitundu vilivyozungushiwa uzi), kisibau na joho la zari (uzi wa dhahabu au fedha), na suruali ya marinda ya wanawake.

Kabla ya kufumua chochote, geuza nguo ndani nje na uiweke kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa nyuma hausitiri kitu. Utaona uzi uliorukishwa kutoka ua moja hadi jingine, fundo lililoachwa nene, na mahali kitambaa kilipovutwa. Kisha pitisha kidole kwenye mtande, uone kama umenyooka chini ya nakshi au umepinda. Ukipinda, tatizo si la mshono mmoja bali la eneo zima.

Mkato ni sahihi, lakini kanzu inaonekana ya juzi

Chanzo cha kwanza ni weupe. Vitambaa vyeupe vya leo hutiwa dawa ya kung'arisha ambayo karne ya 19 haikuwapo. Kipimo chake ni rahisi: iweke nguo gizani chini ya taa ya kukagulia noti. Ikiwaka kibuluu, ina dawa hiyo, na hakuna sabuni ya kuiondoa yote. Tafuta kitambaa kingine.

Chanzo cha pili ni mchanganyiko wa plastiki. Chomoa uzi wa mtande na wa mshindio, ule unaoukatiza mtande, choma kila mmoja peke yake. Pamba huungua haraka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu jepesi la kijivu. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha punje ngumu nyeusi. Pima nyuzi zote mbili, kwa sababu vipo vitambaa ambavyo mtande wake ni pamba na mshindio wake sivyo.

Chanzo cha tatu ni kuchagua kitambaa kisicho cha nguo hiyo. Merikani, pamba ghafi isiyopaushwa, iliingia kwa wingi kutoka viwanda vya kaskazini-mashariki mwa Marekani kupitia wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said. Vita vya ndani vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata mzigo huo, nafasi ikachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na Bombay. Ni kitambaa kizito, cha rangi ya maziwa yaliyoganda, kinachofaa kanzu ya kazi na nguo za kila siku. Kanzu ya mtu mwenye uwezo, ile yenye darizi ya hariri shingoni, huhitaji bafta au melimeli, vitambaa vyembamba vya pamba. Ukidarizi hariri nyembamba juu ya merikani, mistari itakuwa na meno, kwani sindano inalazimika kupita kati ya nyuzi nene badala ya pale ulipochora. Hapo usihangaike kubadili mshono. Badili kitambaa, au chagua nakshi pana ya uzi mnene.

Chanzo cha nne hupuuzwa sana: mng'ao wa uzi. Nyuzi za kudarizi za pamba zinazouzwa leo karibu zote zimepitishwa kwenye magadi makali zikiwa zimevutwa, na ndiyo sababu zinameremeta. Njia hiyo ya kuleta mng'ao ilienea baada ya 1890. Kwa kanzu ya miaka ya 1860, uzi wa pamba uwe mkavu, usiometa; kama nakshi inatakiwa kung'aa, tumia hariri yenyewe. Hariri ya bandia nayo iache. Ilianza kuuzwa mwishoni mwa karne, na mng'ao wake ni wa kioo.

Wapo wanaochovya nguo kwenye chai ili ionekane kuukuu. Tunashauri usifanye hivyo. Chai hushika zaidi kwenye mishono na mikunjo, huacha mabaka, na ikikutana na kutu kidogo ya pini hugeuka doa jeusi lisilotoka. Kumbuka pia kwamba kanzu ilipokuwa ikivaliwa ilikuwa mpya. Wekundu-kahawia tunaouona leo kwenye nguo za kabatini ni uzee, si rangi ya fundi.

Shingo imevimba, imekunjamana au haikai kifuani

Hii ndiyo kasoro inayorudi kuliko zote, na ina vyanzo vitano vinavyofanana kwa macho. Vitofautishe hivi.

Kama mikunjo inatoka kwenye darizi kwenda nje mithili ya miale, uzi umevutwa mno. Kata mshono mmoja upande wa nyuma. Kitambaa kikilegea papo hapo, umepata jibu. Fumua eneo hilo tu, rudia kitambaa kikiwa kimebanwa kwenye fremu, na tumia uzi usiozidi sentimita 45 kwa mara moja, kwa sababu uzi mrefu hukwama, nawe huuvuta bila kujua.

Kama kitambaa cha nje kimekaa vizuri ila cha ndani kimejaa mapovu, kaba haikurowekwa pamoja na badani, au imekatwa kwa kitambaa kingine kinachorudi tofauti. Pamba ghafi hurudi sentimita 5 hadi 10 kwa kila mita mara ya kwanza inapofuliwa. Roweka vitambaa vyote viwili usiku kucha kwenye maji ya moto, vifue, vikaushe, vipige pasi, ndipo ukate. Kaba iliyokwisha kushonwa haiponi kwa pasi. Ifumue na uweke nyingine.

Kama shingo imejipinda upande mmoja, mtande wa kaba haukulingana na wa badani. Kaba ikatwe mtande wake ukienda juu-chini sawa na badani ya mbele. Usiikate hanamu, yaani mshazari, hata kama inalala vizuri mezani: hanamu hunyooka ikivaliwa, na darizi iliyo juu yake hunyooka nayo. Ipige bandi, ile mishono mirefu ya muda, kwenye badani kwa mistari iliyoachana sentimita 2, kuanzia katikati kwenda pembeni, kabla ya kuchora nakshi.

Kama mpasuo wa kifua unaachama, ulikatwa kabla ya kudarizi. Utaratibu ni huu: chora shingo na mpasuo, piga bandi kaba, darizi kila kitu kitambaa kikiwa kizima, ndipo ukate mpasuo, ukunje kingo na uzimalizie. Kingo zikishakatwa hunyumbuka kila unapozishika. Mpasuo unaoachama unaweza kuokolewa kwa kutia uzi imara ndani ya ukingo, kuuvuta kidogo hadi kingo zikutane, na kuufunga pande zote mbili.

Ya tano si kasoro ya darizi. Shingo ni ndogo tu, mvaaji anailazimisha kichwani, na nakshi inapasuka chini ya mpasuo. Piga hesabu. Kichwa cha sentimita 57 kinahitaji upenyo wa kama 62. Mduara wa shingo ukiwa 40, mpasuo wa sentimita 12 huongeza 24, jumla 64, kinapita. Mpasuo wa sentimita 9 hutoa 58, na kila uvaaji utakuwa mvutano. Chini kabisa ya mpasuo weka kizuizi: mishono minne au mitano ya kukatiza, mmoja juu ya mwingine, kisha izungushie uzi. Kizuizi hicho kishonwe kabla ya nakshi iliyo karibu yake.

Kuhusu rangi na umbo la darizi, usichanganye nchi. Kanzu yenye darizi ya rangi ya damu ya mzee shingoni na chini ya kifua, inayoitwa omulela huko Buganda, ilitokana na kanzu ya mwambao iliyofika kwa wafanyabiashara, lakini imekuwa na sura yake. Ukiiga omulela kwenye kanzu unayoiita ya Unguja ya 1870, mtazamaji wa Uganda atakukosoa, na atakuwa sahihi. Vivyo hivyo shada refu linaloning'inia shingoni ni alama ya kanzu ya Kiomani. Liweke tu pale ambapo picha au nguo unayoifuata inalo.

Kwapa linavuta, au pindo linashuka pembeni

Kanzu ya zamani hukatwa kwa vipande vilivyonyooka: badani ya mbele na ya nyuma, taharizi pembeni kuanzia kwapani kwenda chini, mikono, na kikwapa. Mtu wa urefu wa wastani anatoka kwenye doti moja, yaani wari (yadi) 4 za kitambaa cha upana wa kama sentimita 91. Ukikata kwapa la mviringo kwa mtindo wa shati, mkono ukiinuliwa kanzu nzima hupanda. Tiba ni kikwapa: mraba wa sentimita 10 hadi 12, ushonwe pembe moja ikielekea mkononi na ya kinyume chake ikielekea kwenye taharizi. Ukiwa umekwisha kukata mviringo, kikwapa cha sentimita 14 huweza kufidia, ingawa mkunjo kidogo utabaki.

Pindo linaloshuka pembeni linatokana na hanamu ya taharizi. Shona ukingo wa hanamu kwenye ukingo ulionyooka wa badani, ili ulionyooka uushike mwenzake. Halafu tundika kanzu usiku mzima kabla ya kupima pindo na kushona sijafu.

Wekundu wa hariri umevuja kwenye kitambaa cheupe

Usikaushe, na usipige pasi. Rangi iliyovuja bado inatembea wakati kitambaa kimelowa. Ikishakauka, na hasa ikipata joto, hushika. Tumbukiza nguo kwenye beseni la maji baridi mengi, ibadilishiwe maji kila yakionekana na rangi, na isikunjwe nakshi ikagusa sehemu nyeupe. Matone machache ya sabuni laini ya maji husaidia kuishikilia rangi ndani ya maji isirudi kwenye kitambaa. Maji yakiwa safi, ikaushe imelala bapa, taulo jeupe likiwa chini ya nakshi.

Chumvi na siki havitibu uzi uliokwisha kutiwa rangi. Ushauri huo umezagaa, nao hukupotezea zile saa chache ambazo doa bado linaweza kutoka.

Chanzo ni rangi ya ziada iliyobaki ndani ya uzi. Kila uzi wenye rangi nzito, nyekundu na nyeusi kuliko zote, ukate sentimita 20, uuloweshe kwa maji ya uvuguvugu, uukunje ndani ya kitambaa cheupe na uuache chini ya kitu kizito kwa nusu saa. Kitambaa kikipata hata uwekundu hafifu, suuza kifundo kizima hadi maji yabaki meupe, kisha upime tena. Ukiendelea kutoa rangi usitie kwenye kanzu.

Kwa usahihi wa enzi, nyekundu ya kabla ya miaka ya 1860 kwa kawaida haikuwa kali ya kuchoma macho. Rangi ya kwanza ya maabara iliyouzwa kwa wingi ilikuwa ya zambarau, iliyogunduliwa na William Perkin mwaka 1856. Kuanzia 1869 rangi nyekundu ya mizizi nayo ikatengenezeka maabarani. Baada ya hapo ukali wa rangi unaongezeka haraka. Kwa hiyo zambarau kali kwenye nguo ya miaka ya 1840 ni kosa, na kwenye ya 1885 si kosa.

Kofia: inabana, haisimami, viua vinaziba au vinachanika

Kofia ya viua hushonwa vipande viwili, duara la juu na ukanda wa pembeni, kila kimoja tabaka mbili za kitambaa. Nakshi huchorwa, matundu hutobolewa, kila tundu huzungushiwa uzi, na nafasi zilizobaki hujazwa mistari ya mshono wa kurudi nyuma inayounganisha tabaka. Kofia moja ya mkono inaweza kula miezi. Kwa sababu hiyo kasoro inayogunduliwa mwishoni inauma, na inafaa kuizuia kwenye kipande cha majaribio.

Kofia inabana. Karibu kila mara kosa ni la kipimo cha mwanzo. Kila tundu na kila mstari wa mshono hukusanya kitambaa. Chora mraba wa sentimita 10 kwa 10, udarizi kwa nakshi ileile, uzi uleule na mkono uleule utakaoshona kofia, kisha uupime. Ukibaki 9.6, darizi imekula asilimia 4. Kichwa cha sentimita 57 kinataka kofia ya 57.5, gawa kwa 0.96, unapata ukanda wa kuchora wa sentimita 59.9, na uongeze sentimita 1 ya mshono kila upande. Duara la juu nalo: 57.5 ukigawa kwa 3.14 ni 18.3, gawa tena kwa 0.96, ni 19.1 za kipenyo. Watu hupima ukanda kwa uangalifu na kusahau duara, kisha hulazimika kukusanya ukanda ili uingie, na mikunjo midogo ikajitokeza kuzunguka utosi.

Kama ukanda ni sahihi na bado kofia inabana, angalia mshono unaounganisha vipande viwili. Ukichukua milimita 3 zaidi ya ulizopanga kila upande wa duara, mzunguko hupungua karibu sentimita 2.

Kofia haisimami. Tazama nafasi kati ya mistari. Mistari iliyoachana zaidi ya milimita 3 huacha kitambaa kikiwa laini. Ugumu wa kofia ya mkono unatoka kwenye wingi wa mishono kwanza, wanga baadaye, na gundi ya kubandika kwa pasi haina nafasi hapa: hufanya kofia iwe kama boksi, huzuia jasho kutoka, na ikifuliwa mara chache hubanduka kwa mapovu. Ongeza mistari kati ya iliyopo. Kisha fua kofia, ichovye kwenye uji wa wanga, na uikaushe juu ya bakuli au sufuria ndogo yenye kipenyo cha kichwa. Kwa uji huo, vijiko 2 vya chakula vya wanga wa muhogo vikorogwe kwanza kwenye maji baridi kidogo, ndipo uongeze maji yanayochemka hadi lita 1 huku ukikoroga. Ukimwaga wanga mkavu kwenye maji ya moto utapata madonge, na madonge hayo hukaa ndani ya viua.

Viua vinaziba. Kuna sababu mbili, na dawa zake hazifanani. Kama tundu lilikatwa kwa mkasi na nyuzi zikaondolewa, lilikuwa dogo tokea mwanzo au uzi wa kuzungushia ni mnene. Tumia uzi mwembamba zaidi. Kama lilitobolewa kwa msumari wa fundi, nyuzi zilisukumwa pembeni tu bila kukatika, nazo hurudi mahali pake kama hazikubanwa. Utobozi ni njia bora, lakini unataka mwendo huu: toboa tundu moja, lizungushie mara moja, mishono 12 hadi 16 kwa tundu la milimita 3, kila mshono ukivutwa kwenda nje. Baada ya kumaliza, ingiza tena msumari kutoka upande wa nyuma na uuzungushe. Usitoboe ukanda mzima halafu ndipo uanze kushona. Matundu ya mbele yatakuwa yamefumba kabla hujayafikia, na kila unapoyatoboa upya unadhoofisha kitambaa.

Viua vinachanika. Mshono umeshika uzi mmoja tu wa kitambaa. Kila mshono uanzie angalau milimita 1.5 kutoka ukingo wa tundu, upite tabaka zote mbili, na kabla ya kuzungushia weka duara la mishono midogo ya kupita kuzunguka tundu, ambalo ndilo litakalobeba mvutano. Tundu lililochanika lirekebishwe kwa kipande cha kitambaa hichohicho kilichoingizwa kati ya tabaka, kisha lishonwe upya. Kuliziba kwa uzi tu huacha kidonda kinachoonekana.

Nakshi haikutani pale ukanda unapofunga. Gawa urefu wa kuchora, kwa mfano wetu 59.9, kwa upana wa ua moja. Usipopata namba kamili, badili upana wa ua. Ukiwa na maua ya takriban sentimita 5, fanya 12 ya milimita 49.9. Tofauti ya milimita moja kwa kila ua haionekani, ila nusu ua mwishoni linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Zari: imeinuka, imechubuka au imekuwa nyeusi

Zari ya joho na kisibau haishonwi kwa kupita ndani ya kitambaa. Hulazwa juu, kwa kawaida nyuzi mbili pamoja, na hufungwa kwa uzi mwembamba wa hariri ya njano uliopakwa nta. Anayeipitisha kwenye tundu la sindano kama uzi wa kawaida huikwangua: utepe wa chuma unafunguka na kiini cha hariri kinatokeza kama nyuzinyuzi. Zari iliyochubuka hivyo hairudi. Iondoe kuanzia kona moja hadi nyingine, kwa sababu kiungo katikati ya mstari huonekana.

Ikiinuka pale mstari unapopinda, vifungo vimeachana mno. Milimita 3 hadi 4 zinatosha kwenye mstari ulionyooka. Kwenye mpindo mkali shuka hadi 2 au chini yake. Kwenye kona kali funga uzi wa nje kwanza, kisha wa ndani, kila mmoja peke yake. Ncha zipelekwe nyuma kwa sindano yenye tundu kubwa, ukiacha sentimita 3 za kushikiza, na zikatwe baada ya kushikizwa.

Kitambaa cha joho kikikunjamana chini ya zari, fremu haikuwa na kitambaa cha msingi. Joho la sufu linanyumbuka. Lishonee juu ya pamba nzito iliyokazwa kwenye fremu, darizi kupitia vyote viwili, na pamba iliyozidi ipunguzwe nyuma nakshi ikishakamilika.

Kuhusu weusi, jua kwanza zari yako ni ya nini. Zari halisi ni utepe wa fedha uliopakwa dhahabu na kuzungushwa kwenye hariri; Surat nchini India ni miongoni mwa vituo vyake vikubwa hadi leo. Ya bei nafuu ina shaba ndani, na ya bei nafuu zaidi ni plastiki iliyopakwa chuma. Fedha huwa nyeusi kwa salfa inayotoka kwenye mpira, moshi, na hata sufu yenyewe. Shaba hugeuka kijani kwa chumvi na unyevu, na kwenye miji ya pwani hilo halikawii. Plastiki haibadiliki rangi, lakini huyeyuka kwa pasi ya moto na mng'ao wake umesambaa sawasawa kila upande, jambo linaloisaliti. Usisugue zari yoyote kwa limau, magadi wala dawa ya kung'arisha vyombo. Unaondoa dhahabu, ambayo ni ngozi nyembamba sana, na unyevu unabaki ndani ya hariri. Brashi laini na kavu inatosha. Nguo ihifadhiwe imelala, imefunikwa kwa pamba iliyofuliwa bila manukato, na isifungwe kwa raba.

Marinda yamesimama badala ya kuanguka

Kitambaa cha marinda ni kizito mno au kimekusanywa mno. Mara 2 hadi 2.5 ya mzunguko wa mguu inatosha kwa melimeli. Kwa bafta shuka hadi 1.75. Kata kipande cha rinda mtande ukienda juu-chini. Ukikata upande wa pili rinda hujitandaza nje. Darizi ya kifundoni ifanywe kwenye kitambaa bapa kabla ya mguu kufungwa.

Rangi za nakshi hazilingani na picha ya zamani

Huenda umesoma picha vibaya. Sahani za picha za enzi hiyo, yaani vioo vya kupigia picha, zilihisi mwanga wa buluu na karibu hazikuhisi mwekundu. Nyekundu na njano hutoka nyeusi-nyeusi, na buluu hafifu hutoka nyeupe. Mstari mweusi shingoni mwa kanzu kwenye picha ya miaka ya 1870 una nafasi kubwa ya kuwa hariri nyekundu, na zari inaweza kuonekana kijivu kilichofifia. Hilo lizingatiwe unapotazama picha za Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, zilizopigwa Hamburg akiwa katika mavazi ya Unguja, na pia picha za studio za Gomes na Coutinho za Zanzibar. Kadi za posta zenye rangi nazo zisikupe uhakika: nyingi zilitiwa rangi kwa mkono au kiwandani Ulaya na watu ambao hawakuiona nguo.

Picha ya studio ina mtego mwingine. Mtu aliweza kuvalishwa kilichokuwapo pale, na kisibau cha mmoja kikaonekana mwilini mwa watatu. Nakshi ukiikuta kwenye picha moja tu, tafuta nguo yenyewe kwenye makumbusho kabla hujaifanya kuwa kanuni. Na usiweke kanga yenye jina kando ya kanzu ya miaka ya 1860: kanga yenyewe ilishika kasi baadaye, na maandishi yakaja baada ya hapo.

Ukipewa nafasi ya kuchunguza nguo ya zamani, hesabu mishono kwenye sentimita 1 kwa sehemu tatu tofauti, piga picha upande wa nyuma ukiruhusiwa, na chora mwelekeo wa mtande. Mahali ambapo nakshi inaonekana haipo, tazama matundu ya sindano. Nyuzi nyeusi za zamani zilizotiwa rangi kwa chuma huoza kabla ya nyingine, kwa hiyo mstari mtupu wenye matundu mara nyingi ulikuwa mstari mweusi. Wanaorudufu kwa haraka huuacha wazi, na nakshi yao inakosa mipaka.

Mistari ya mchoro haitoki

Kalamu ya buluu inayotoka kwa maji hushika moja kwa moja ikipigwa pasi kabla ya kusuuzwa. Kalamu inayofutika kwa joto la pasi hurudi nguo ikipata baridi kali, kwa mfano ndani ya friza. Kaboni ya ofisini huacha mafuta kwenye bafta. Njia ya zamani bado ndiyo safi: toboa mchoro kwenye karatasi ngumu kwa sindano, tundu kila milimita 2, ibane juu ya kitambaa, pitisha unga wa mkaa uliochekechwa kwa kifurushi kidogo cha kitambaa, ondoa karatasi kwa kuinyanyua wima, kisha unganisha nukta kwa penseli ngumu iliyochongwa vizuri. Kung'uta mkaa uliobaki kabla ya kuanza kushona. Kitambaa kisiloweshwe hata kidogo mpaka mkaa wote uwe umetoka, kwa kuwa unga huo ukilowa huingia ndani ya pamba na darizi nyeupe juu yake hubaki ya kijivu.